Picha ya Lami Bila Mkanda

Mume wa mdogo wangu anakata vioo vya miwani. Duka si lake. Yeye hukaa chumba cha nyuma, mbele ya mashine ya kusagia inayochuruzika maji kama bomba lisilofungwa vizuri, na wateja hawamwoni. Kioo kikitoka mashineni hukiinua dirishani, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akitafuta mkwaruzo ambao mtu mwingine angehitaji kwanza kuvaa miwani ndipo auone. Ni mtu wa maneno machache. Nyumbani kwao mdogo wangu ndiye anayesema, na yeye hutikisa kichwa pale panapostahili.

Katika jengo wanaloishi hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Tulia. Jina hilo alipewa na mlinzi wa getini, mtu wa utani ambaye humpa kila mpangaji jina lake la pili, na sababu yake ni mbwa. Tulia hupiga picha za mbwa. Akipiga magoti mbele ya mbwa na kamera yake iliyokwisha rangi pembeni, huanza kumnong'oneza: "Tulia, tulia, baba. Tulia hivyo hivyo." Mlinzi alimsikia mara moja tu, ikatosha.

Na si picha za mbwa wamelala mlangoni. Nyuma ya jengo kuna mwinuko wenye tangi la maji, na ukisimama ukingoni unauona mji wote chini yako. Tulia huwapeleka mbwa wa majirani pale jua likishazama, akangoja taa za mji ziwake wakati mbingu bado ina bluu yake. Muda huo ni mfupi. Mwenyewe anauita saa ya rangi mbili. Ukiwahi, mbingu bluu na taa njano zinakaa pamoja kwenye picha moja bila kugombana. Ukichelewa, umepata giza lenye vidoa.

Picha huwagawia wenye mbwa bure. Mbwa wa kinyozi, mwenye masikio kama viatu vilivyokanyagwa nyuma, ananing'inia sebuleni kwao akiwa na mji mzima begani, na mke wa kinyozi hulalamika kwa kila mgeni: "Mbwa ana picha ukutani. Mimi niliyeolewa nina ile ya kitambulisho tu." Kijibwa cha mwenyekiti wa wapangaji nacho kimo, kikiwa na uso wa mtu aliyecheleweshewa chai.

Aliyekosekana ni Lami.

Lami ni mbwa wa mkunga mstaafu wa ghorofa ya pili. Mama huyu amepokea watoto kwa miaka mingi, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule wameanza kuuona ulimwengu mikononi mwake, jambo ambalo hakosi kulitaja mtu akimjibu vibaya. Siku hizi nyonga yake mbovu, ngazi zinamshinda, kwa hiyo jioni ni Tulia aliyekuwa akimtembeza Lami. Wakirudi, humfungua kamba uani, huitundika kamba kwenye msumari wake chini ya ngazi, na Lami hupanda mwenyewe kwenda kukwaruza mlango wa bibi yake.

Ni mbwa mkubwa, mweusi tii, na mbwa mweusi ni mtihani kwa mpiga picha. Tulia aliwahi kuniambia: "Shemeji, ukimpiga mchana unapata shimo lenye ulimi." Mama Mkunga naye hakumwacha apumue.

"Mbwa wa kila mtu umempiga," alimwambia. "Wangu umembagua kwa rangi?"

"Sijambagua, Mama. Natafuta namna."

"Tafuta upesi. Yeye ni mzee na mimi ni mzee. Sijui nani atamtangulia mwenzake."

Namna aliipata. Lami akae ukingoni kabisa, taa za mji nyuma yake, mwanga umzunguke kama uzi na kumchora. Lakini kwa mwanga hafifu namna ile kamera hulazimika kubaki wazi kwa muda, na chochote kinachong'aa na kusogea huacha mchirizi. Lami alijua kutulia. Ila mkanda wake mwekundu wa shingo ulikuwa na kibati chenye namba ya simu ya Mama, na kibati kile kilitikiswa na pumzi zake tu. Kila picha ikatoka na mchirizi mweupe kifuani, kama mkwaruzo kwenye kioo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kukataa mikwaruzo, hilo lilimnyima raha kwa wiki kadhaa.

Mama Mkunga alikuwa amemwonya tangu siku ya kwanza. "Kamba ushike, mkanda usiutoe. Huyu akisikia pikipiki hata jina lake halijui."

Jioni ile mvua ilikuwa imenyesha na kukoma, hewa imeoshwa, na taa za mji ziliwaka moja moja, safi, kana kwamba mtu amezifuta kwa kitambaa. Tulia alipiga picha, akaona mchirizi. Akapiga tena, mchirizi. Mbingu ilikuwa inapoteza bluu yake. Akaufungua mkanda, kamba ikatoka pamoja nao, akavitia vyote kwenye begi la kamera. Angeweza kukifunika kibati. Hilo alinieleza mwenyewe baadaye bila kuulizwa: alikuwa na kitambaa cha kufutia lensi mfukoni, na utepe wa gundi ulikuwamo begini.

Lami alikung'uta shingo kama mtu aliyevua tai. Ndipo Tulia akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona: chini ya koo, pale mkanda ulipokuwa ukikaa miaka yote, palikuwa na doa jeupe, kama tone la maziwa. Akanong'ona, "Tulia, baba." Lami akatulia. Kamera ikafunguka, ikafunga.

Akainama kuiangalia picha.

Ilikuwa ndiyo. Kila unywele wa mgongoni umechorwa kwa mwanga, macho mawili yenye nukta za taa ndani yake, doa jeupe kooni, na mji nyuma umemwagika hadi upeo wa macho. Aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena. Pikipiki ilipita barabara ya chini akaisikia kama mtu anavyosikia jambo lisilomhusu. Alipoinua kichwa, taa zilikuwa pale pale. Mbwa hakuwapo.

Aliita hadi sauti ikakauka. Alishuka hadi barabarani, akapita vichochoro, akauliza watu waliokuwa wakifunga maduka kama wameona mbwa mweusi, nao wakamtazama, maana giza lilikuwa limeshaingia na kila kitu kilikuwa cheusi. Aliporudi, geti la jengo lilikuwa wazi kama linavyokuwa kila jioni magari yakirejea, na mlinzi alikuwa upande wa pili akimwelekeza dereva wa lori la maji. Tulia akaingia. Mkono wake ukachomoa kamba kwenye mkanda, ukauacha mkanda begini, ukaitundika kamba kwenye msumari. Anasema hakuuamuru.

Mama Mkunga alikuwa amesimama juu ya ngazi, ameshika ukuta.

"Mbona Lami hajapanda?"

Tulia alipanda ngazi moja, akasimama.

"Umemfungua uani, naye akatoka tena, siyo?" Mama alikuwa ameshaiona kamba msumarini. "Geti lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi, Mama."

Lilikuwa wazi kweli. Neno lile lilikuwa la kweli toka mwanzo hadi mwisho, na ndilo lililomkaa kooni siku zote zilizofuata.

Kesho yake mwenyekiti wa wapangaji akaitisha kikao uani. Mwenyekiti ni mtu anayependa vikao kama wengine wanavyopenda mpira. Alimsimamisha mlinzi katikati.

"Geti ni geti, si pazia," alisema. "Mbwa mzima amepita. Kesho atapita nani?"

"Bosi, mbwa yule ni kama ndama," mlinzi alijibu. "Apite mbele yangu nisimwone?"

"Ndiyo tunalokuuliza."

"Mimi hata paka wa ghorofa ya nne najua anarudi na nani."

Watu walicheka, mwenyekiti hakucheka. Alisema kwamba Lami asipopatikana hadi mwisho wa mwezi, jengo litatafuta mlinzi mwingine, mwenye macho. Tulia alisimama nyuma kabisa, karibu na mapipa, akitazama ncha za viatu vyake. Mtu mmoja aligeuka akamwambia, "Pole, Tulia, najua ulimpenda yule mbwa," naye akaitikia pole ile.

Halafu wakataka picha ya kubandika mitaani. Nani mwingine wa kuombwa? Alikuwa na ile moja ambayo kipofu angemtambua Lami kwa kuigusa, lakini ndani yake shingo ilikuwa tupu. Akawapa ya zamani: shimo lenye ulimi, mkanda mwekundu, mchirizi. Chini yake pakaandikwa, kwa maneno ya Mama mwenyewe: mbwa mweusi, amevaa mkanda mwekundu wenye kibati cha namba ya simu. Tulia ndiye aliyezungusha matangazo yale. Alipaka gundi nguzo kwa nguzo, akayalainisha kwa kiganja yasiwe na mikunjo, na kila alipolibandika moja alijua linamtafuta mbwa mwingine.

Mdogo wangu aliona hali ni mbaya. Aliniambia, "Dada, mume wangu hali, na kamera haigusi. Huzuni gani hii ya mbwa wa watu?" Nikamwambia ampe muda.

Jumapili moja Tulia alikuwa kwa Mama Mkunga akimbadilishia kioo cha miwani kilichokuwa kimefifia. Mlinzi akabisha hodi. Aliingia na kofia mkononi, na Tulia alishtuka kuona kumbe ana mvi. Hakuwahi kumwona bila kofia.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema mlinzi.

"Ya nini tena?"

"Nimefikiri sana. Pale kikaoni nilibisha. Lakini labda nilisinzia. Sikumbuki kusinzia, ila aliyesinzia atakumbukaje? Umri huu unaiba. Nisamehe, Mama. Asubuhi nikitoka zamu ninazunguka kumtafuta. Sitaacha."

"Kaa unywe chai, baba," Mama alisema. "Hata mimi nimewahi kusinzia mtoto wa watu akiwa njiani."

Mlinzi akacheka kidogo, akafuta macho kwa kofia. Tulia alikuwa amekaa kati yao akikaza skrubu ya fremu. Aliendelea kukaza. Alikaza hadi kioo kikalia, kikapasuka katikati. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye mashine ile hakuwahi kupasua kioo cha mteja mkononi.

"Nitakuletea kingine," alisema, akaondoka bila kugusa chai.

Jioni ya siku hiyo mdogo wangu alikuwa anatafuta betri kwenye begi la kamera. Alipopakua chakula, aliuweka mkanda mwekundu mezani, katikati ya sahani mbili, kama kitoweo.

"Nilikuuliza mkanda uko wapi. Ulinijibu uko kwa mbwa."

Tulia aliisogeza sahani yake pembeni.

"Na yule mzee ameenda kujiombea radhi kwa usingizi ambao hakuulala. Mama mwenyewe amenisimulia."

"Kesho nitasema."

"Kesho ya nani? Yako au ya mlinzi?"

Hakuna aliyekula. Mkanda ulilala pale mezani hadi asubuhi, na asubuhi Tulia aliutia mfukoni, akachukua na kamera, akashuka. Anasema hata hapo hakuwa na hakika. Alikuwa amejipangia kusema jioni, baada ya kazi, baada ya kukata kioo kipya cha Mama, ili aende na kitu mkononi.

Getini mlinzi alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka mzunguko wake, viatu vimejaa vumbi la mbao.

"Bwana Tulia! Leo nilidhani nimempata."

"Wapi?"

"Nyuma ya karakana ya mbao. Mweusi vile vile, masikio yale yale. Nikaita 'Lami!', akaja mbio, mkia unapiga huku na huku. Moyo wangu ukasema, mzee, kazi yako imepona. Nikamshika shingo. Hana mkanda. Halafu ana doa jeupe hapa." Alijigusa kooni. "Nikasema aa, huyu siye. Huyu ni mbwa koko mwenye heshima zake. Akanifuata, bwana, akanifuata! Nikamwokotea jiwe."

"Ulimpiga?"

"Nilimkosa. Lakini alielewa." Mlinzi alitikisa kichwa. "Nisije nikampelekea Mama mbwa wa jalalani, wakasema sasa mlinzi amekuwa na kichaa pia."

Tulia alishika nguzo ya geti.

"Ndiye," alisema.

"Ndiye nani?"

"Ndiye Lami. Hana mkanda kwa sababu nilimvua mimi. Kule juu, kwenye tangi. Alinitoroka mimi." Akautoa mkanda mfukoni, na kwa kuwa mlinzi alikuwa bado anamtazama kama mtu asiyesikia vizuri, akawasha kamera akamwonyesha picha.

Mlinzi aliitazama. Alivaa kofia, akaivua.

"Huyu ndiye niliyemrushia jiwe."

"Ndiyo."

"Hakupita getini."

"Hakupita."

"Basi sikusinzia." Aliketi kwenye benchi lake taratibu, kama mtu anayeteremsha mzigo asiutikise. "Sikusinzia, bwana. Mimi nimeshamwambia mke wangu kwamba nimezeeka."

Tulia alitaka kukimbia karakana palepale. Alikuwa ameshageuka. Mlinzi akamshika mkono, na hapakuwa na utani wowote katika mkono ule.

"Juu kwanza," alisema. "Ukirudi na mbwa utasema umempata. Watu watakupigia makofi. Juu kwanza."

Wakapanda ngazi, mlinzi nyuma. Mama Mkunga alifungua mlango akiwa na miwani ya jicho moja, upande wa pili fremu tupu. Tulia alisema yote akiwa amesimama mlangoni: mkanda, picha, pikipiki, kamba aliyoitundika. Hakutafuta neno la kulainisha. Mama aliupokea mkanda, akaunusa. Kisha akaomba kuona picha, akaisogeza karibu na jicho lenye kioo.

"Hili doa alikuja nalo akiwa mdogo wa kutosha kwenye kapu," alisema. "Nilikuwa nimelisahau."

Tulia alingoja.

"Ni picha nzuri. Ingekuwa mbaya ningekusamehe upesi zaidi." Alimrudishia kamera. "Mbwa kukutoroka, mwanangu, kunaweza kumpata yeyote. Lakini huyu mzee alikaa hapo, akaniomba radhi, na wewe umekaa hapo na miwani yangu. Chai mlimiminiwa kutoka birika moja."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa nendeni."

Pale karakana hawakumkuta. Jiwe lilikuwa limeeleweka. Tulia hakwenda kazini siku hiyo. Alichapisha ile picha, nyingi, akaandika chini yake kwamba mbwa huyu hana mkanda, ana doa jeupe kooni, ni mpole, asirushiwe mawe. Alirudi nguzo kwa nguzo, akabandika juu ya yale ya zamani. Na jioni, mwenyekiti alipokuwa anapita, alimsimamisha akamwomba aitishe kikao. Mwenyekiti alifurahi kusikia neno hilo, hadi alipolijua jambo lenyewe. Tulia alisimama katikati, pale mlinzi aliposimama, akarudia yote mbele ya wapangaji. Kinyozi alikohoa. Mke wa kinyozi alisema, "Tulia, hata wewe?" na katika yote aliyoambiwa siku hiyo, anasema hilo ndilo lililoingia ndani kuliko mengine. Mwenyekiti alitangaza kwamba geti halina kosa. Mlinzi akamwambia, "Na mlinzi wa geti?" Mwenyekiti akasema naye hana.

Baada ya siku chache mwanamke anayeuza maranda ya mbao alipiga simu. Lami alikuwa akilala chini ya rundo lake. Walikwenda wote wawili, Tulia na mlinzi. Alikuwa amekonda, vumbi la mbao limemfanya wa kijivu, na mlinzi alipomwita alisimama mbali kwanza, akiangalia mikono yake. Mlinzi akaifungua mikono, akaionyesha kuwa mitupu, akangoja. Lami hakusogea. Kisha akamwona Tulia, akaja moja kwa moja, akanyoosha shingo kwake ili avikwe mkanda. Kana kwamba ilikuwa jioni kama nyingine. Vidole vya Tulia havikuweza kuingiza ulimi wa chuma kwenye tundu. Alijaribu, akajaribu. Ikabidi mlinzi aje polepole, apige magoti, afunge yeye, akinong'ona, "Tulia, tulia, baba," na hakujulikana alikuwa anamwambia nani.

Mlinzi aliomba kitu kimoja tu: ile picha, kubwa, yenye fremu. Tulia aliitengeneza kwa mikono yake, akaikatia kioo mwenyewe. Sasa iko kwenye kibanda cha geti, juu ya benchi, na hakuna anayeingia jengo lile asiione. Wageni huuliza ni nani aliyepiga picha nzuri hivi. Mlinzi huwaambia. Wakiuliza mbona mbwa hana mkanda, huwaambia hilo pia.

Kuna jioni Tulia alimwomba mlinzi akubali apewe nyingine badala ya hiyo, yenye mkanda, kibati kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa.

"Hapana, bwana," mlinzi alisema. "Hii ndiyo inayonijua."

Mama Mkunga aliendelea kumpa Lami amtembeze. Mdogo wangu alidhani ni msamaha. Tulia hana hakika, na hajauliza. Huizungusha kamba mkononi hadi vidole vinakufa ganzi, na kamera huiacha nyumbani. Wanapanda hadi kwenye tangi, wanakaa, taa za mji zinawaka chini yao, kisha wanarudi.

Getini mlinzi husimama, akachungulia kama afisa wa mpakani.

"Mbwa mmoja, mkanda mmoja, kamba moja," husema kwa sauti, na wapangaji wanaoteremka kwenye magari yao hucheka, maana sasa ni utani wa jengo zima. "Pita, Bwana Tulia."

Tulia naye hucheka kidogo. Lakini hapiti mara moja. Husimama chini ya picha ile, huinama, huinua mkanda wa Lami kwa kidole, na kumgeuzia mlinzi kibati kwenye mwanga wa taa ili asome namba.